Ungeshindwa Tu, Shemeji

Mlimwacha Thelma Ogden amejiziba mdomo kwa kiganja, na mpaka dakika hii hajakitoa.

Kura zimehesabiwa mara mbili, na mara zote mbili zimelala sawa. Mjane wa Wilf Ogden, muuza jibini wa soko la ndani la Skelbrough, amepata kura zile zile alizopata Piers Lockyer, yule kijana wa chama cha Mabuluu ambaye viatu vyake vinang'aa kuliko maneno yake. Hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa ukucha.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, usihangaike, nakupa kwa ufupi. Baraza la mji wa Skelbrough lina madiwani thelathini na mmoja. Wekundu ni kumi na watano, Mabuluu ni kumi na watano. Kiti kimoja kiko wazi, nacho ni cha marehemu Wilf, aliyeanguka kwa ugonjwa wa moyo mwezi wa pili akipanda ngazi za baraza. Atakayekitwaa ndiye anayekishikisha chama chake mji mzima.

Na Mabuluu wakishika mji, soko la ndani linauzwa. Hilo hawakulificha. Linabomolewa, panasimama maghorofa ya vioo. Thelma amesimama nyuma ya meza yake ya jibini humo tangu akiwa msichana, na mama yake alisimama pale pale kabla yake. Ndiyo sababu aliacha kulia, akavaa ua jekundu la utepe la mumewe, alama ya chama cha Wekundu, akaenda kugonga milango ya watu kwenye mvua.

Basi, turudi ukumbini.

Ulikuwa ukumbi wa michezo wa mji, ule ulioungana na bwawa la kuogelea, maana huko ndiko kura za Skelbrough huhesabiwa, asubuhi baada ya siku ya kupiga. Harufu ya dawa ya maji ilikuwa imejaa mpaka kwenye mikate ya mayai. Wahesabu kura walikuwa wameketi kwenye meza ndefu, mikono mapajani.

Bi Pomfret, msimamizi wa uchaguzi, mwanamke mkavu ambaye hajawahi kuonekana akicheka mbele ya watu, alipandisha miwani yake puani akasema kwamba kabla ya kutangaza sare, kuna karatasi moja yenye utata. Akawaita mawakala wa pande zote mbili wasogee.

Wakala wa Thelma alikuwa Ambrose Ogden, mdogo wake marehemu. Diwani mwenyewe, Mwekundu wa kuzaliwa, fundi wa chaguzi wa familia nzima. Wilf alikuwa anahutubia, Ambrose anahesabu milango. Wilf alivaa mkufu wa umeya mara mbili, na mara zote mbili Ambrose ndiye aliyeushika nyuma ya shingo na kuufunga. Tangu mazishi hajakosa nyumbani kwa Thelma hata Jumapili moja.

Karatasi ikawekwa mezani. Thelma akachungulia juu ya bega la shemeji yake, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akatabasamu.

Mpiga kura hakuweka alama ya mkasi kama wenzake. Ndani ya kisanduku cha Thelma alikuwa amechora kipande cha jibini. Jibini lenye matundu, na katikati ya matundu uso unaocheka. Kisanduku cha Lockyer kilikuwa cheupe pe.

Sasa, mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye meza ya kuhesabia kura katika nchi ile anajua sheria inasemaje. Nia ya mpiga kura ikionekana wazi, kura ni kura, hata akichora paka. Wakala wa Mabuluu, bwana mnene anayetoka jasho hata kwenye baridi ya mwezi wa kwanza, alipinga kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu tu. Alijua anapoteza. Alishafunga kalamu yake.

Macho yote yakamgeukia Ambrose. Huyu ndiye aliyewahi kuitetea karatasi yenye alama ya kiatu mpaka msimamizi wa zamani akaomba maji ya kunywa. Thelma alikuwa anaihesabu ile kura kama iliyokwisha kuingia mfukoni.

Ambrose akajikuna shingo.

"Hatuna pingamizi," alisema. "Ihesabiwe imeharibika."

Hata yule bwana mnene alimtazama mara mbili.

Thelma alimvuta mkono wa koti akamuuliza ana wazimu au nini. Ambrose akamwinamia sikioni, akamweleza polepole, kwa ile sauti aliyotumia kumtuliza siku ya mazishi. Akamwambia ushindi wa kura moja ya mchoro utawapeleka mahakamani, Mabuluu wana pesa za mawakili, na soko litauzwa kesi ikiwa bado haijaisha. Afadhali bahati safi kuliko haki yenye mashaka.

Jambo hilo lilimkaa Thelma vibaya rohoni, kama mfupa wa samaki. Lakini huyu ni shemeji yake, damu ya Wilf, na mtu humwamini nani asipomwamini aliyelibeba jeneza la mumewe? Akauachia ule mkono wa koti.

Kura zikilingana, nchi ile haipigi tena. Bahati nasibu ndiyo inayoamua, na namna ya kuichezesha ni hiari ya msimamizi. Kuna miji hurusha sarafu, kuna miji huvuta vijiti. Skelbrough wana kopo lao la biskuti, la bati, lenye picha ya kasri iliyofutika, ambalo linatunzwa kabatini kwa ajili ya jambo hilo tu na halijawahi kutiwa biskuti.

Bi Pomfret akaandika majina mawili, akakunja karatasi mbele ya watu wote, akazitia ndani, akatikisa. Akageuza uso pembeni akaingiza mkono.

Beryl Crabtree, muuza nyuzi wa meza ya pili sokoni, rafiki wa Thelma tangu wakiwa na nywele za kusuka, alikuwa amemshika mkono mpaka pete zikaumana.

Karatasi ikafunguliwa.

"Ogden," Bi Pomfret akasoma. "Thelma Margaret."

Weee! Ukumbi ulipasuka. Wauza samaki, wauza mboga, mama wa mapai, wote walirukaruka juu ya mistari ya uwanja wa mpira wa vinyoya. Beryl alilia mpaka rangi ya macho ikamshuka mashavuni. Mtu mmoja alimwinua Thelma juu, akamwangusha kidogo, akamwinua tena. Wekundu kumi na sita! Soko limepona!

Mtu mmoja tu hakuruka. Ambrose alikuwa ameketi kwenye benchi la wanamichezo, mikono magotini, uso umemgeuka rangi ya majivu. Thelma alimwona katikati ya vichwa vya watu, akadhani ni furaha imemzidi. Amemkumbuka kaka yake, maskini, alijisemea.

Maskini! Subiri.

Mshindi hupewa kipaza sauti, aseme shukrani zake. Thelma hakuwa ameandika kitu. Aliwashukuru watu wa soko, akamshukuru aliyechora jibini popote alipo, watu wakacheka. Halafu akangoja kicheko kiishe. Akasema yupo mtu mmoja ambaye bila yeye asingetoka kitandani tangu mwezi wa pili. Akamwomba Ambrose apande jukwaani.

Ambrose akatikisa kichwa. Watu wakaanza kumpigia makofi ya mdundo, apande, apande. Akainuka. Alipanda kama mtu anayepanda kwa daktari wa meno.

Thelma akamkumbatia. Akamkabidhi kipaza sauti.

Na Ambrose, mbele ya soko zima, akafungua pini ya ua lake jekundu. Akalitoa kifuani. Akaliweka kwenye kiganja cha Thelma, akamfunga vidole kama anavyofungwa mtoto aliyepewa sarafu.

"Nimetafakari kwa muda mrefu," alisema, akitazama miguu ya watu na si nyuso zao. "Mji huu unahitaji kusonga mbele. Kuanzia leo nakaa upande wa Bwana Fanshawe."

Mwanzoni watu hawakuelewa. Kuna mmoja bado alikuwa anapiga makofi. Kisha Rodney Fanshawe, kiongozi wa Mabuluu, mrefu, nywele za fedha, mtu asiyewahi kukimbilia basi maishani mwake, akasogea mbele mkono umenyooshwa, na hapo kila mtu akapiga hesabu kichwani. Wekundu kumi na sita, toa mmoja, kumi na watano. Mabuluu kumi na watano, ongeza mmoja, kumi na sita.

Thelma ameshinda, na Mabuluu wameshika mji.

Mama wa mapai akatupa sahani. Watu wa soko walimzomea Ambrose kwa sauti ambayo ukumbi ule haukuwahi kuisikia hata kwenye fainali. Fanshawe alimtoa kwa mlango wa nyuma.

Thelma hakuzomea. Alishuka jukwaani, lile ua jekundu likiwa bado mkononi, pini yake imemchoma na hasikii. Akawafuata.

Alimpata Ambrose kwenye ujia wa bwawa, peke yake, amesimama mbele ya kioo akiwatazama watoto wa shule wakifundishwa kuelea. Fanshawe alikuwa ametangulia nje kuwaandaa wapiga picha. Ambrose alimwona kwenye kioo kabla hajageuka.

"Ile kura ya jibini," Thelma alisema.

Ambrose akaendelea kuwatazama watoto.

"Uliitupa makusudi. Ulitaka nishindwe."

"Nilitaka tubaki ndugu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Ungeshindwa tu, shemeji, ungeshindwa kidogo tu, kila kitu kingekwenda salama. Mimi ningebaki Mwekundu. Ningekuja Jumapili kama kawaida. Tungelaani Mabuluu pamoja juu ya nyama ya kuoka."

Thelma akamsogelea. Akamuuliza walimpa nini. Ambrose akageuza uso, lakini mkono wake ulimsaliti, maana ulipanda wenyewe mpaka shingoni, pale ambapo mkufu hukaa.

Umeya! Jamani, umeya! Thelma angeshindwa, Mabuluu wangeshika mji, kisha wangempa mkufu Mwekundu mmoja mzee, eti kwa ajili ya umoja, na magazeti yangesifu. Hakuna ambaye angejua kitu. Lakini Thelma ameshinda, na kwa hiyo deni limebidi lilipwe mchana kweupe. Miaka yote ile ya kuufunga mkufu kwenye shingo ya kaka yake, kumbe mwenzetu alikuwa anaupimia yake.

"Wilf angekutemea mate," Thelma alisema.

Hapo Ambrose akageuka kabisa. Na alichosema, msomaji wangu, kilikuwa kibaya kuliko yote ya asubuhi ile.

"Wilf ndiye aliyeanza," alisema. "Unadhani mimi ningethubutu peke yangu? Alishakubaliana na Fanshawe. Asubuhi ile alipoanguka alikuwa anakwenda kuhama. Mimi namalizia tu safari ya kaka yangu."

"Muongo."

"Koti lake la kijivu. Lile alilokuwa amevaa alipokufa. Hukuwahi kulifungua tangu lirudi kutoka hospitali, nakujua. Kaangalie mfuko wa ndani, halafu ndiyo uniite muongo."

Akampita. Akasukuma mlango wa kioo akatoka kwenye mwanga.

Thelma alibaki pale na harufu ya dawa ya maji. Kupitia kile kioo aliwaona nje. Aliona Fanshawe akitoa ua la buluu, jipya, la utepe mpana, akimbandika Ambrose kifuani. Wapiga picha wakainua mashine zao. Ambrose akatabasamu, kisha akainamisha kichwa kulitazama lile ua, akaushika mkia wa utepe, akausoma.

Tabasamu likamtoka. Alikuwa kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Alitaka kuondoka, lakini Fanshawe alimshika bega, na waandishi walikuwa wamemzunguka.

Ni aibu, Thelma alijisemea. Angalau ameona aibu.

Mlangoni Beryl alikuwa anamngoja. Alimkumbatia, akamfuta uso kwa kitambaa chake, akamwambia asirudi sokoni leo, yeye Beryl atamfungia meza na kufunika jibini. Thelma akakipokea kile kitambaa. Angemwambiaje mtu kwamba mume aliyemlilia miezi yote hii huenda alikuwa anamuuza?

"Usijitese kwa kuwaza, mwenzangu," Beryl alisema, akimpapasa mgongo. "Ningekuwa mimi, ningekwenda kuliangalia hilo koti sasa hivi, nijue moja."

Thelma akaitikia kwa kichwa. Akapanda mtaa wa Tannery kwa miguu, kilima chote, bila mwavuli. Watu walimpongeza madirishani kwa kuwa habari za Ambrose zilikuwa hazijawafikia. Aliwapungia mkono. Unadhani mkono ule ulikuwa mwepesi?

Nyumba ilikuwa bado ina sura ya jana. Siku ya kupiga kura sebule yake iligeuzwa ofisi ya kampeni, kama ilivyokuwa kila uchaguzi tangu aolewe. Ambrose alikuwa amepewa ufunguo wa akiba, aingie na kutoka. Beryl alishinda jikoni akipika chai ya watu waliorudi kugonga milango. Vikombe bado vilikuwa kwenye ngazi. Ramani ya kata ilikuwa bado ukutani, imejaa alama za kalamu ya Ambrose.

Alipanda chumbani. Akafungua kabati.

Koti la kijivu lilikuwa mwisho kabisa, nyuma ya magauni. Alikuwa amelitundika siku ile lilipoletwa, akafunga mlango, na tangu hapo hupita kabati lile kama anapita kaburi. Alilishika bega. Bado lilikuwa na harufu ya Wilf, ya tumbaku na peremende za koo. Akaingiza mkono mfuko wa ndani.

Kitambaa laini. Mikunjo ya duara.

Alijua kabla hajalitoa.

Lilikuwa ua la buluu.

Thelma Ogden alikaa kwenye sakafu. Hakulia kama alivyolia mazishini. Ilikuwa sauti nyingine, ya chini, ya mtu aliyepigwa na mkono alioulalia. Alikumbuka kila mlango aliogonga akisema mume wangu angetaka hivi. Mvua yote ile. Mbwa waliombwekea. Kila alipotaka kuacha alilitazama koti hili kwenye mawazo yake akaendelea. Mume gani? Angetaka nini? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye alikuwa amekikuta kwenye nguo yenyewe.

Akanyanyuka akaigeuza picha ya Wilf ukutani, uso umetazama ukuta.

"Hata wewe," aliiambia. "Ungeniambia tu. Ningekupigia kelele, ningekunyima chai, lakini ungeniambia."

Akalirusha ua kitandani. Lilianguka kichwa chini, na mkia wa utepe, uliokuwa umekunjwa nyuma, ukafunguka taratibu.

Ulikuwa na maandishi meupe.

Thelma alitaka kwenda zake chini. Alishafika mlangoni. Lakini mwanamke aliyesoma vibandiko vya jibini maisha yake yote hawezi kuona maandishi asiyasome. Akarudi. Akauinua utepe, akausogeza kwenye dirisha.

MCHAGUE LOCKYER, utepe ulisema.

Akausoma tena.

Wilf alikufa mwezi wa pili. Lockyer aliletwa Skelbrough wiki ya Pasaka, kwenye treni, kugombea kiti cha mtu aliyekwisha kuzikwa. Siku Wilf anaanguka kwenye ngazi za baraza, hapakuwa na mtu katika mji ule aliyewahi kulisikia jina la Lockyer. Hapakuwa na uchaguzi wa kumchagua.

Hili ua halikutoka hospitali. Hili ua limeingia nyumbani mwake jana.

Ama kweli! Wamemuuza mzima, na hawakutosheka, wamemfukua na marehemu wakampaka tope. Sasa Thelma alielewa lile tabasamu lililokatika mbele ya wapiga picha. Haikuwa aibu hata kidogo. Ambrose alikuwa ameusoma mkia wa ua lake jipya, akakumbuka lile jingine.

Akaigeuza picha ya Wilf. Akaibusu kwenye vumbi. Akamwomba msamaha kwa sauti kubwa, kama yupo chumba cha pili ananyoa ndevu.

Kisha, bila kuharakisha, akalitoa koti la kijivu kwenye tundiko akalivaa. Lilimfika magotini. Upande wa kushoto, pale Wilf alipokuwa akibandika ua lake jekundu, Thelma akabandika lile la buluu, na mkia wake akauning'iniza nje, jina la Lockyer likionekana waziwazi. Jumanne baraza linakaa. Atakwenda hivi hivi alivyo, aliwaza, asimame mbele ya mji mzima, amuulize diwani Ambrose Ogden maiti huwa inachaguaje mgombea.

Lakini kitu kilikuwa kinamkera. Kidogo tu, kama punje ya mchanga kwenye mkate. Ni kitu alichokisikia leo, na hakikukaa sawa. Siyo kwa Ambrose. Baadaye kidogo, pale mlangoni.

Hilo koti. Ningekwenda kuliangalia hilo koti sasa hivi.

Kwenye ujia wa bwawa walikuwa wawili tu, yeye na Ambrose. Na alipotoka nje hakumwambia mtu yeyote habari ya koti.

Na papo hapo, huko chini, ufunguo ukazunguka kwenye kitasa.

Thelma alitoka mpaka juu ya ngazi akasimama. Mlango wa mbele ulisukumwa polepole. Aliisikia pumzi ya Ambrose, ya mtu aliyepanda kilima mbio. Nyuma yake viatu vya kike vikajifuta kwenye mkeka, kushoto mara mbili na kulia mara moja, kama vilivyojifuta kwenye mkeka ule asubuhi zote tangu Thelma aolewe.

"Kimya. Labda hajafika," Ambrose alinong'ona. "Panda haraka ukalitoe. Beryl, wakati unalitia mfukoni hukusoma kilichoandikwa?"

"Nilikuwa na birika mkononi na watu kumi wanataka chai," sauti ya Beryl ilijibu, imekereka. "Na nani husoma maua, Ambrose?"

"Mimi nimelisoma," Thelma akasema.

Wakainua vichwa. Juu ya ngazi lilikuwa limesimama koti la Wilf.